Tembo Asingezama

*Maneno niliyozungumza siku ya sayansi katika shule moja ya sekondari nje kidogo ya Jiji la Dodoma. Nimeyaandika baadaye kwa sababu wanafunzi waliniomba zile namba.*

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi wenzangu, itifaki imezingatiwa. Wakubwa zangu, shikamooni. Wanafunzi, mbukwenyi!

(Waliitikia mpaka mabati yakalia. Nikajua leo sitalaza mtu.)

Nimepewa dakika ishirini. Kumpa kipaza sauti mtu aliyeosha bika na kupanga chupa za maabara kwa miaka zaidi ya thelathini, halafu mkategemea azungumze dakika ishirini, hilo ni kosa la kamati, si langu.

Nianze na tembo. Wengi hapa mmesimuliwa na babu zenu jinsi mji huu ulivyopata jina. Tembo alikuja kunywa maji, akakwama kwenye tope, akazama. Wagogo waliomwona wakasema *idodomya*, amezama. Ndiyo Dodoma hiyo. Mimi simulizi hii naipenda sana, ila kwa ufundi wangu ina kasoro. Mwili wa tembo una densiti, yaani uzito kwa ujazo ule ule, inayokaribia ile ya maji, ndiyo maana tembo ni mwogeleaji hodari. Tope zito, lenye udongo mwingi, lina densiti kubwa kuliko maji, mara nyingi gramu 1.5 au zaidi kwa kila sentimita moja ya ujazo. Kitu chenye 1 hakiwezi kupotelea chini ya kitu chenye 1.5. Yule tembo alinasa, hakuzama. Tope lilimshika miguu, akachoka, akabaki pale. Wazee walisema kweli walichokiona, ila hawakuwa na mizani.

Msinipige mawe, jina la mji libaki lilivyo.

Sasa densiti ni nini? Mwalimu wenu ameshawaambia: tungamo gawanya kwa ujazo. Fomula hiyo hata aliyelala darasani anaijua. Mimi nitawapeleka barabarani. Ukisafiri kutoka hapa kwenda Singida unakuta kando ya njia wamepanga mafuta ya alizeti na asali. Chukua dumu la lita 20. Jaza mafuta ya alizeti, weka kwenye mizani, toa uzito wa dumu lenyewe: unapata kama kilo 18 na kidogo. Lioshe, likauke, jaza asali iliyokomaa: kilo 28 na zaidi. Dumu ni lile lile, mfuniko ni ule ule, na tofauti ni kilo kumi nzima. Mafuta ya alizeti ni kama 0.92, asali kama 1.42. Sasa fikirini mama anayenunuliwa asali yake porini kwa dumu, halafu aliyenunua anafika mjini anaiuza kwa kilo. Sisemi ni wizi. Nasema mmoja kati ya hao wawili anajua densiti na mwingine hajui.

Tuingie maabara.

Nilipokuwa kidato cha pili, shule siitaji, tulipewa misumari kumi ya inchi tatu na silinda ya kupimia ya mililita 100. Kazi: tafuta densiti ya chuma. Nikapima misumari yote pamoja, gramu 63.2. Nikatia maji kwenye silinda mpaka 50, nikainamisha silinda, nikateremsha misumari polepole ili kioo kisipasuke. Maji yakapanda hadi 58.5. Kwa hiyo ujazo ni 8.5. Gawanya, unapata 7.4.

Nami nilikuwa nimeshachungulia kitabu. Kitabu kinasema chuma ni 7.87. Nikafuta 7.4, nikaandika 7.87. Vijana wa leo mnaita kupika data. Sisi hatukuwa na jina lake, lakini jikoni tulikuwa tunaingia.

Fundi wa maabara alikuwa mzee mmoja mkimya, kaptula ya kaki, miwani imefungwa kwa uzi. Akasoma daftari langu, akachukua silinda yangu ambayo misumari ilikuwa bado imo ndani. Akaniuliza, "Mwanangu, hii saba ya mwisho umeisoma wapi? Silinda hii ina mistari ya mililita moja moja." Sikuwa na jibu. Hakunichapa. Akaishika silinda, akaigonga kwa ukucha mara nne, tano. Kutoka katikati ya misumari vikaanza kupanda viputo vya hewa, kimoja, viwili, kisha vingi kwa pamoja kama soda inapofunguliwa. Uso wa maji ukashuka. Nikainama nikasoma: 58.0.

Ujazo ni 8.0, siyo 8.5. Na 63.2 ukigawanya kwa 8.0 ni 7.9.

Nusu mililita ya hewa ndiyo iliyokuwa imejificha kwenye vichwa vya misumari. Ile 7.4 yangu haikuwa makosa ya kuaibisha, ilikuwa taarifa. Ilikuwa inaniambia kuna kitu ndani ya silinda ambacho si maji wala si chuma. Nikaifuta! Kama ningeiacha pale daftarini na kujiuliza kwa nini ni ndogo, ningeviona vile viputo mwenyewe. Jambo hilo moja ndilo lililonifanya niipende maabara, na ndilo lililonileta mbele yenu leo. Mengine yote nitakayosema ni vifaa tu.

Angalieni pia kosa lilikuwa wapi. Halikuwa kwenye mizani. Mizani ya shule, hata ile ya zamani ya mihimili mitatu, inapima vizuri sana. Ujazo ndio msumbufu. Ujazo una hewa iliyojificha, una tone lililoganda ukutani, una jicho lililotazama kutoka juu badala ya usawa. Uso wa maji kwenye silinda umebonyea katikati, na unasoma pale chini kabisa ya kibonye, jicho likiwa sambamba nacho. Mwanafunzi mrefu akisoma amesimama na mfupi akasoma amesimama, hawapati jibu moja, na wote wawili wanamlaumu aliyetengeneza silinda.

Kwa sababu hiyo, watu wanaotaka densiti ya kimiminika kwa uhakika hawasomi ujazo kwa macho. Wanaupima kwa mizani. Ninacho hapa kichupa kidogo cha kioo, kizibo chake nacho ni cha kioo, na katikati ya kizibo pana tundu jembamba kama la sindano. Unajaza kimiminika mpaka mdomoni, unashindilia kizibo, ziada inatoka kwa tundu, unaifuta. Kila ukijaza unapata ujazo ule ule. Kimeandikwa 50, lakini msikiamini. Jana jioni nilikipima kikiwa kikavu: gramu 31.42. Nikajaza maji safi: 81.20. Maji peke yake basi ni gramu 49.78.

Mmoja wenu atasema, kumbe ujazo ni 49.78. Ngoja kwanza. Tumezoea kusema maji ni 1, na hiyo ni kweli ukiwa kwenye nyuzi 4. Hapa Dodoma, jioni ile, kipimajoto kilisoma nyuzi 28, na kwa joto hilo maji ni 0.9962. Gawanya 49.78 kwa 0.9962, unapata 49.97. Huo ndio ujazo halisi wa kichupa changu. Nikamwaga maji, nikakausha kabisa, nikajaza mafuta ya alizeti ya kukamua hapa hapa: 77.17. Toa chupa, mafuta ni gramu 45.75. Gawanya kwa 49.97. Unapata 0.916. Sikusoma mstari hata mmoja wa silinda.

Kuna ujanja hapo wa mkono, nao nawaonya mapema. Mkishika kichupa kwa kiganja kizima, joto la mkono linaingia, mafuta yanatanuka, na mtaona tone linajitokeza juu ya kizibo kama jasho. Ukilifuta, umefuta sehemu ya majibu yako. Shika shingoni, kwa vidole viwili, kwa karatasi ya shashi.

Na maji. Hapa kwetu maji mengi ni ya visima, na kila anayechemsha chai anaujua ule ukoko mweupe ndani ya birika. Chumvi zilizoyeyuka zinaongeza densiti, kidogo, kwenye namba ya nne, lakini zinaongeza. Kwa silinda ya shule hutaiona tofauti hiyo. Kwa kichupa hiki utaiona. Walimu wengi hununua maji ya betri dukani kwa vipuri, yanafaa. Ila soma chupa vizuri, kwa sababu kwenye rafu hiyo hiyo asidi ya betri inakaa jirani yake.

Nimetaja betri, basi niwataje mafundi wa betri, maana nao ni wapima densiti ambao hawajui kama ni wanakemia. Yule fundi ana bomba la kioo lenye mpira kichwani. Anabonyeza mpira, anavuta asidi, na ndani ya bomba kuna kidude kinaelea. Hiyo ni haidromita. Betri iliyojaa chaji inasoma karibu 1.28. Ikiisha chaji inashuka hadi 1.15 au chini zaidi, kwa sababu betri inapotoa umeme, asidi ya salfuriki inaingia kwenye madini ya risasi na kimiminika kinabaki na maji mengi. Fundi hana haja ya voltimita. Anaangalia kidude kimezama kiasi gani, anakwambia "hii peleka ikachajiwe", na hakosei.

Haidromita hiyo hiyo, ya ukubwa tofauti, ndiyo anayoitumia mtengenezaji wa mvinyo. Nyie wa Hombolo na Mpunguzi mnaotoka kwenye mashamba ya zabibu, kaeni vizuri. Juisi ya zabibu iliyoiva ni kama 1.09, kwa sababu ya sukari. Hamira inapoanza kazi, sukari inageuka alkoholi, na alkoholi ni nyepesi, 0.789 tu. Kwa hiyo siku baada ya siku haidromita inazidi kuzama kwenye pipa. Ikifika chini ya 1.00, mvinyo mkavu umekamilika. Ikigoma njiani, tuseme kwenye 1.03 siku tatu mfululizo, hamira imechoka au pamepoa mno. Mtengenezaji anaona ndani ya pipa bila kulifungua zaidi ya mara moja kwa siku. Kwa wale wasiotumia mvinyo kwa sababu za dini, samahani, mfano ni wa kemia tu.

Metali sasa, maana naona macho yameshahamia kwenye bangili hii.

Niliinunua miaka mingi iliyopita kituo cha mabasi, kutoka kwa kijana aliyekuwa na haraka sana. Akaniambia ni dhahabu ya Sekenke, babu yake alichimba. Sekenke kweli ni mgodi wa dhahabu wa zamani, upo Iramba kule Singida, ulifunguliwa enzi za Wajerumani. Alijua jiografia yake. Nikatoa pesa ambazo mama watoto mpaka leo sijamtajia kiasi chake, na kwa kuwa amekaa safu ya pili, leo pia sitaji.

Itazameni skrini ya mizani. Naiweka bangili: gramu 24.00. Naitoa. Naweka bika la maji juu ya mizani, nabonyeza isome sifuri. Nafunga bangili kwa uzi mwembamba, naishikilia mkononi, naiteremsha ndani ya maji mpaka izame yote, isiguse chini wala pembeni. Mimi ndiye nimebeba bangili, sivyo? Lakini mizani imepanda: 2.81. Imepanda kwa nini? Maji yanaisukuma bangili juu, na bangili nayo inayasukuma maji chini kwa nguvu ile ile. Hiyo 2.81 ni gramu za maji ambayo bangili imechukua nafasi yake. Joto la leo ni nyuzi 29, maji ni 0.9959, kwa hiyo ujazo wa bangili ni 2.82. Nani ana kikokotoo? Wewe dada wa nyuma. Ishirini na nne gawanya kwa 2.82.

"Nane nukta tano moja!"

Dhahabu safi ni 19.3. Shaba nyekundu ni 8.96, zinki ni 7.14. Kitu kinachokaa kati ya hizo mbili, kikiwa na rangi ya njano, ni shaba ya njano, mchanganyiko wa shaba na zinki, ndugu wa bomba la maji. Mama watoto anajua siku nyingi. Anaivaa hivyo hivyo, anasema inampendeza.

(Hapo walicheka muda mrefu, na mimi nikapata nafasi ya kunywa maji.)

Kila mtu hapa amesikia habari ya Archimedes na taji la mfalme, jinsi alivyotoka bafuni akikimbia uchi. Simlaumu, ila mimi nawapenda zaidi waliokuja baadaye wakafanya kazi yenyewe ya kuchosha. Miaka 1000 hivi iliyopita, Al-Biruni, mwanazuoni aliyezaliwa Khwarazm huko Asia ya Kati, alitengeneza chombo chenye shingo nyembamba na kijibomba cha kutolea maji. Anatia kipande cha metali au kito, maji yanatoka kwa kijibomba, anayapima kwa mizani. Mmeona? Naye alikimbia kusoma ujazo kwa macho, akaukabidhi kwa mizani. Namba zake za dhahabu, zebaki, risasi, shaba na chuma zinakaribia sana zilizomo kwenye vitabu vyenu. Kopo la Eureka mlilonalo pale mezani ni mjukuu wa chombo kile, na lina tabia mbaya ya familia: tone la mwisho linaning'inia mdomoni halidondoki. Lisubirini.

Mchimbaji mdogo naye, anapozungusha karai kwenye maji, anafanya nini? Mchanga ni kama 2.65, dhahabu 19.3. Maji yanabeba chepesi, kizito kinabaki mkiani mwa karai. Mtu hajapita hata darasa la kemia na mkono wake unajua densiti. Zebaki siizungumzii kwa furaha. Ina densiti ya 13.5, chuma kinaelea juu yake na dhahabu inazama ndani yake, ni ajabu kuiona, lakini mvuke wake unaharibu ubongo na figo. Kwenye maabara yangu niliiondoa zebaki yote. Ukiikuta kwenye kabati la zamani usiichezee, mwite mwalimu.

Nirudi kwenye misumari yangu, kwa sababu kuna mtu mkubwa yalimkuta kama yangu na yeye hakufuta. Mwingereza anaitwa Lord Rayleigh. Alikuwa anapima densiti ya gesi ya naitrojeni. Aliyoipata kutoka kwenye hewa, baada ya kuondoa oksijeni na vingine, lita moja ilikuwa gramu 1.2572. Aliyoitengeneza kutoka kwenye kemikali, lita moja ilikuwa gramu 1.2505. Tofauti ni chini ya miligramu saba. Mimi wa kidato cha pili ningechukua namba moja, ningeificha nyingine, ningeenda kucheza mpira. Yeye aliandika hadharani kwamba haelewi, akaomba wenzake wamsaidie. Mskoti William Ramsay akaitikia. Mwaka 1894 wakagundua kwamba ile naitrojeni ya hewani ilikuwa na gesi nyingine ndani yake, nzito zaidi, isiyoungana na kitu chochote. Wakaiita agoni. Tumekuwa tukiivuta puani tangu Adamu, karibu asilimia moja ya hewa yote, na hakuna aliyekuwa anajua. Mwaka 1904 kila mmoja wao alipata Tuzo ya Nobel, Rayleigh ya fizikia na Ramsay ya kemia.

Sasa msiondoke hapa mkidhani densiti ni mganga wa kila ugonjwa. Tungsteni ni 19.25, karibu kabisa na dhahabu, na wapo matapeli wakubwa wanaoijua namba hiyo. Maziwa pia: ukiongeza maji densiti inashuka na laktomita, yaani haidromita ya maziwa, inakushtaki, lakini ukiondoa malai kwanza densiti inapanda, ukiongeza maji inarudi pale pale, na laktomita inakusafisha. Hata asali, unaweza kuchemsha sharubati nzito ya sukari mpaka ifike 1.42. Densiti inaweza kukataa kwa uhakika: bangili hii si dhahabu, mjadala umefungwa. Ila kukubali, inahitaji shahidi wa pili.

Mheshimiwa, naona kengele imeinuliwa. Namalizia na kazi ya mikono. Mezani pana makundi manne ya vitu: misumari, vipande vya sufuria ya alumini, nyaya za shaba zilizochunwa, na kipande kimoja cha kijivu ambacho sitasema ni nini. Daftari zenu nimezigonga mhuri na nimewapa kalamu za wino, penseli na vifutio nimekusanya vyote kwenye boksi hili. Joto la maji andikeni kabla ya kitu kingine. Wale wa kundi la misumari, kabla hamjasoma, gongeni silinda kwa ukucha.